Riale 40,000 na ndugu wawili: uchambuzi wa uamuzi wa Canning wa mwaka 1861

Mwezi Februari 1859 majahazi yaliyojaa askari yaling'oa nanga Maskati kuelekea Unguja. Aliyeyaongoza, Seyyid Thuwaini bin Said, alikuwa anakwenda kumng'oa mdogo wake, Seyyid Majid bin Said. Karibu na Ras al-Hadd, pale pwani ya Oman inapokata kona kuelekea kusini, alikutana na meli ya mvuke ya Waingereza, Punjaub, iliyobeba barua ya Gavana wa Kiingereza wa Bombay, India. Akasoma, akatafakari, akageuza. Risasi haikulia. Miaka miwili baadaye waraka mfupi wa Lord Canning, mtawala mkuu wa India chini ya Waingereza, ulitoka Kalkuta, na dola moja ya Oman na Unguja ikawa mbili.

Kwa desturi ya uchambuzi wa namna hii, wahusika hufichwa majina. Ya watawala na maofisa nimeyaacha kwa kuwa ni mambo ya historia ya wazi. Baharia, mkulima wa karafuu na mtumwa waliobeba uzito wa ugomvi huu hawana majina hapa, na wengi wao hata kwenye nyaraka za wakati ule hawana.

Kisa hiki kinamfaa yeyote anayeshughulika na usuluhishi, kwa sababu kina kila kitu: mirathi, ndugu wa baba mmoja, deni ambalo kila upande unalieleza kwa namna yake, na mwamuzi mwenye maslahi yake mfukoni.

Usuli

Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman kwa takriban nusu karne. Kuanzia miaka ya 1830 alizidi kuipenda Unguja: akapanda karafuu, akajenga majumba Mtoni na mjini, akawavuta wafanyabiashara wa Kihindi, akafungua mlango kwa Wamarekani na Wazungu. Pembe za ndovu na watumwa walitoka bara, karafuu zikatoka visiwani, na ushuru wa forodha, uliokodishwa kwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji, ukaijaza hazina. Maskati ilibaki mji mkongwe wa mabaharia, wenye makabila magumu kutawalika nyuma yake na Mawahabi wakinyemelea kutoka bara Arabu. Kufikia miaka ya 1850 ilikuwa wazi kwamba fedha iko kusini na askari wako kaskazini. Hapo ndipo mbegu ya ugomvi ilipokuwa.

Said aliacha watoto zaidi ya thelathini, wengi wa masuria kutoka Uhabeshi, Uchakesi (Circassia) na Georgia. Swali la nani amrithi halikuwa na jibu moja. Katika mapokeo ya Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Waomani wengi, imamu huchaguliwa na wanazuoni na wakubwa wa makabila. Uongozi haushuki kwa damu kama shamba. Said mwenyewe hakuwahi kuwa imamu. Aliitwa Seyyid, na alishika madaraka mwaka 1806 kwa kumuua binamu yake, Badr bin Saif. Anayesema kwamba mwana mkubwa alikuwa na haki ya kurithi kila kitu anasahau kwamba baba mwenyewe hakuingia kwa mlango huo.

Hata hivyo Said aliacha dalili. Mwaka 1844 alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba anataka mwanawe Khalid ashike milki za Afrika na Thuwaini zile za Oman. Khalid akafa mwaka 1854, na Said akamweka Majid mahali pake Unguja. Thuwaini alikuwa tayari anatawala Maskati kwa niaba ya baba. Turki, ndugu mwingine, alikuwa Sohar, mji mwingine wa pwani ya Oman. Mali binafsi ya marehemu, mashamba na majumba, iligawanywa kwa sheria ya mirathi. Dola haikuandikiwa wasia.

Na Waingereza? Walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyumba zamani. Mikataba ya 1822 na 1845 ilibana biashara ya watumwa. Wa 1839 ulihusu biashara na haki za raia wa Uingereza, ambao Unguja kwa sehemu kubwa walikuwa Wahindi. Tangu 1841 balozi wao, Atkins Hamerton, alikuwa mtu wa kunong'onezana na Said. Kilichowakera Bombay na London ni Wafaransa, waliokuwa Réunion na Mayotte wakihitaji watu wa kufanya kazi mashambani, na ambao walikuwa wanawachukua kutoka pwani yetu kwa jina la vibarua huru. Jina tu ndilo lilikuwa huru.

Mfululizo wa matukio

Said alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, ndani ya meli yake Victoria, akitoka Oman kurudi Unguja. Mwanawe Barghash alikuwa naye safarini. Alimzika baba usiku, akajaribu kujitwalia madaraka kabla mji haujajua kilichotokea, akashindwa. Majid akatangazwa mtawala wa Unguja na milki za Afrika.

Maskati, Thuwaini alilipokea jambo hilo kwa hesabu ya mtu mzima: mimi mkubwa, Unguja ni tawi la Oman, kwa hiyo Unguja ni yangu. Lakini hakuanza na vita. Mwaka 1857 alimtuma jamaa yao, Mohammed bin Salim, kwenda Unguja kutafuta maafikiano. Yakapatikana: Majid atamlipa kaka yake riale 40,000 za Maria Theresa (sarafu za fedha kutoka Austria) kila mwaka, na sehemu ya fedha hizo Thuwaini ampe Turki wa Sohar.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana ndipo kisa kinapozaliwa. Fedha hizo zilikuwa nini? Thuwaini alisema ni kodi ya mtawala mdogo kwa mkubwa wake, na kila riale inayofika Maskati ni ushahidi kwamba Unguja iko chini yake. Majid alisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu, tena wenye sharti kwamba Turki aachwe kwa amani. Kiasi kilikuwa kimoja, maana zilikuwa mbili, na waliokubaliana hawakukubaliana ni kipi wamekubaliana.

Wakati huo huo Unguja haikuwa na balozi wa Uingereza. Hamerton alifariki Julai 1857, na aliyemrithi, Christopher Rigby, afisa wa jeshi la India, hakufika hadi katikati ya 1858. Katika mwaka huo mmoja, hakuna mtu wa Bombay aliyekuwa mezani.

Majid alilipa kwa muda, kisha akasita. Kwa maelezo yake, Thuwaini alikuwa amemshambulia Turki, kwa hiyo sharti limevunjika. Kwa maelezo ya Thuwaini, mdogo amegoma. Ndipo ukaja msafara wa Februari 1859 na ile barua ya Lord Elphinstone, Gavana wa Bombay: rudi, na ugomvi wenu tuachieni sisi tuutazame. Thuwaini akarudi.

Unguja nako hakukutulia. Barghash alikuwa na wafuasi, hasa miongoni mwa ukoo wenye nguvu wa Al-Harthi, na ubalozi wa Ufaransa ulimtazama kwa jicho la huruma. Dada zake walimsaidia. Mmoja wao, Salme, kijana aliyejua kuandika, alimwandikia barua za njama. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana Ujerumani kama Emily Ruete. Oktoba 1859 Majid aliizingira nyumba ya Barghash. Akatoroka akiwa amevikwa mavazi ya kike, akajichimbia katika shamba lililoitwa Marseilles. Majeshi ya Majid peke yake hayakumtoa. Rigby akaleta mabaharia na askari wa meli za Kiingereza zilizokuwa bandarini, na mambo yakaisha kwa siku chache. Barghash alisalimu amri, akapelekwa Bombay uhamishoni.

Mwaka 1860 ikaja tume. Mkuu wake alikuwa Brigedia William Coghlan, mwakilishi wa Uingereza Aden, na pamoja naye kasisi George Percy Badger aliyekijua Kiarabu vizuri. Walianzia Maskati kumsikiliza Thuwaini, kisha wakaja Unguja kumsikiliza Majid. Ripoti ilikwenda Bombay, ikapanda hadi kwa Lord Canning, mtawala mkuu wa India. Uamuzi wake ni wa tarehe 2 Aprili 1861.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzuia msafara. Ukiutazama kwenye ramani ni jambo la meli moja. Ukiutazama kwa upepo ni jambo la mwaka mzima. Majahazi kutoka Uarabuni huja kwetu kwa kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Machi hivi. Kusi ikianza huwezi kuja, unarudi. Kumgeuza Thuwaini mwezi Februari kulikuwa kumpokonya musimu. Bombay haikulazimika kumshinda, ilitosha kumchelewesha. Wenye meli za mvuke walijua hilo, na ndiyo maana baadaye tume yao ilifika Unguja Septemba bila kumwomba mtu upepo.

Sababu waliyoitoa ilikuwa amani ya biashara. Ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yote. Vita kati ya ndugu ingefunga forodha ambamo raia wao wa Kihindi walikuwa wameweka mitaji, na ingemfungulia Mfaransa mlango wa kuingia kama rafiki wa upande mmoja.

Uamuzi wa pili, wa kutumia mabaharia dhidi ya Barghash, aliufanya Rigby papo hapo. Huu ndio ninaoutilia shaka zaidi. Thuwaini alikuwa amekubali kusubiri usuluhishi; kabla usuluhishi haujaanza, mwakilishi wa msuluhishi akaingia vitani upande wa Majid. Kwamba Barghash alikuwa mwasi wa ndani na si mjumbe wa Maskati ni hoja ya kisheria inayosimama. Lakini watu hawaangalii mambo hivyo. Aliyeko Maskati aliona meli zile zile zilizomzuia yeye zikimlinda mwenzake.

Uamuzi wa tatu, wa kutuma tume badala ya kuamua kwa barua, ulikuwa wa busara. Coghlan hakuwa mtu wa Unguja wala wa Maskati, alitoka Aden. Kila upande ulisikilizwa kwake mwenyewe, kwa lugha yake. Tume ilichimba historia: tangu lini Unguja ni ya Oman, nani humweka nani, baba alitaka nini. Jibu la Coghlan lilikuwa la kuvutia. Kama katika Oman hakuna haki ya mwana mkubwa, na mtawala ni yule anayekubalika na makabila na mwenye uwezo wa kushika, basi kanuni hiyo hiyo inamfanya Majid mtawala halali wa Unguja, kwa sababu watu wa huko walimpokea na alishika. Desturi ya Oman ikageuzwa kuwa hoja dhidi ya Maskati. Sijui kama Coghlan alitabasamu alipoandika hayo, mimi nilitabasamu niliposoma.

Barua ya Said ya 1844 nayo ikawekwa mezani kuonyesha kwamba baba mwenyewe aliwaza mgawanyo. Hata hivyo barua ile ilikuwa ombi kwa waziri wa Uingereza, aliyoandikiwa yeye na kuhifadhiwa na serikali yake. Mwamuzi alitumia kama ushahidi karatasi iliyotoka kwenye kabati lake.

Uamuzi wa nne ni wa Canning mwenyewe, na ndio moyo wa kisa. Majid atambuliwe mtawala wa Unguja na milki za Afrika za marehemu baba yake. Alipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Alipe na malimbikizo ya miaka miwili, riale 80,000. Kisha Canning akafafanua kile ambacho mwaka 1857 hakikufafanuliwa: malipo hayo si alama ya Unguja kuwa chini ya Maskati. Wala si makubaliano ya watu wawili ambayo yanakufa nao. Yanawafunga warithi wao, ni fidia ya Maskati kuachia madai yake juu ya Unguja, na yanasawazisha urithi wa ndugu wawili ambao haukuwa sawa kwa pato.

Matokeo

Wote wawili walikubali kwa maandishi, Thuwaini Mei na Majid Juni 1861. Vita haikuja. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini Paris tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili, na hivyo mgawanyo wa nyumba moja ukapata mashahidi wawili wa Ulaya. Kwa miaka kadhaa fedha zilitoka Unguja kwenda Maskati.

Halafu watu wakaanza kufa. Februari 1866, Thuwaini akiwa Sohar anajiandaa kupambana na Mawahabi, aliuawa na mwanawe Salim. Majid akasema hatamlipa muuaji wa kaka yake. Je, uamuzi ulisema alipe mtu au alipe kiti? Ulisema kiti. Waingereza wakambana alipe, na Majid, aliyekuwa ameshinda kesi, akajikuta anashurutishwa kwa hukumu ile ile iliyomshindisha. Mwaka 1868 Salim akapinduliwa na Imamu Azzan bin Qais, ambaye Waingereza hawakumtambua. Januari 1871 Azzan akauawa, na Turki, yule wa Sohar ambaye sehemu ya riale za 1857 ilikuwa yake, akaitwaa Maskati. Majid alikuwa amekwisha kufariki Oktoba 1870, na aliyekalia kiti cha Unguja alikuwa Barghash.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Jambo la kwanza lililofanya kazi ni maneno ya Canning kuhusu maana ya fedha. Asilimia kubwa ya migogoro ya mirathi ninayoijua haigombaniwi kwa kiasi. Inagombaniwa kwa maana ya kiasi. Shamba la ekari mbili linakuwa vita kwa sababu anayelipewa anasema amepewa haki yake na anayelitoa anasema ametoa sadaka. Kwa kusema wazi kwamba riale hizi ni fidia, Canning aliondoa kodi kwenye mdomo wa Thuwaini na hisani kwenye mdomo wa Majid, akaacha riale zile zile 40,000. Hakuongeza wala kupunguza hata moja katika kiwango cha mwaka. Mtu aliyesoma hukumu haraka angesema hakufanya kitu.

La pili ni kwamba kila upande ulipata kitu cha kwenda kumwonyesha mtu nyumbani. Thuwaini alirudi kwa makabila yake na fedha, tena na malimbikizo. Majid alibaki na kiti, tena bila mkubwa juu yake. Mwamuzi aliyewapa wote wawili sababu ya kujisifu alifanya kazi yake ya siku hiyo.

La tatu ni muda. Kati ya meli ya Ras al-Hadd na waraka wa Kalkuta ilipita zaidi ya miaka miwili. Wengine huita huko ni kuchelewa. Mimi nadhani kulisaidia: Barghash alikuwa Bombay, Thuwaini alikuwa ameona musimu ukipita bila dunia kuanguka, na hasira zilikuwa zimepoa kiasi cha mtu kuweza kusoma barua bila kuichana.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Sasa upande mwingine, ambao ni mrefu zaidi.

Wazee husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu si wa kuingilia, watapatana wenyewe na wewe utakuwa umepoteza siku yako. Bombay haikwenda kulima. Iliingia na kapu kabisa, na ilivuna kabla ndugu hawajapatana. Kilichovunwa ni nafasi ya kuwa mlango ambao kila mtu wa familia ile alipaswa kupitia ili kumfikia mwenzake. Kabla ya 1859, Thuwaini alimtuma Mohammed bin Salim, jamaa yao, na makubaliano yakapatikana. Yalikuwa na kasoro, ndiyo, lakini yalikuwa yao. Baada ya 1861 sijui hata mara moja ambapo suala hilo la fedha lilimalizwa na familia peke yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaousifu uamuzi huu kama mfano wa usuluhishi wa amani. Mpatanishi huwasaidia wagomvi wafike wenyewe, mwamuzi huwaamulia. Wagomvi wanaweza kumchagua mwamuzi, na ni jambo jema. Lakini Thuwaini alichagua lini? Alipokutana na meli ya mvuke yenye mizinga? Ridhaa yake ya kwanza ilipatikana baharini, na iliyobaki yote ilijengwa juu yake. Kwamba baadaye aliandika barua ya kukubali hakubadilishi jinsi mlango ulivyofunguliwa. Mwenye nguvu mpishe, na yeye alipisha.

Kasoro ya pili ni nani hakuitwa. Turki alikuwa sehemu ya makubaliano ya 1857, tena kwa maelezo ya Majid ndiye sharti lenyewe. Katika uamuzi wa 1861 hayumo. Riale 40,000 zinakwenda kwa mtawala wa Maskati, basi. Barghash alikuwa uhamishoni Bombay wakati tume inasikiliza. Wote wawili, Turki na Barghash, ndio waliokuja kukalia viti viwili miaka kumi baadaye. Tume iliwasikiliza watawala wa siku ile na kuwaacha watawala wa kesho nje ya chumba. Si rahisi kuona kesho, nakubali, lakini katika ukoo ambao kila kizazi kinapigana, ndugu aliyeko uhamishoni ni mtu wa kumhesabu.

Na pwani? Milki za Afrika zilizotajwa katika waraka ni watu: Lamu, Mombasa, Pangani, Kilwa, visiwa, miji ya Waswahili yenye wazee na historia yao, ambayo baadhi, kama Mombasa chini ya ukoo wa Mazrui, ilikuwa imepigana miaka mingi isiwe ya Said. Hoja ya Coghlan ilikuwa kwamba watu walimpokea Majid. Ilikuwa hoja nzuri kuitumia dhidi ya Maskati. Ni watu gani hasa, na waliulizwa vipi, ni swali ambalo halikumsumbua mtu mezani. Kwa waliokuwa wanapigwa mnada sokoni Unguja, mipaka ya dola ilibadilika bila wao kubadilika chochote.

Kasoro ya tatu ni ya uhandisi, na kwa mafunzo ndiyo muhimu kuliko zote. Malipo ya kudumu yaliwekwa bila utaratibu wa mlipaji anayekataa, mpokeaji anayetiliwa shaka, au kiti kilichokaliwa na mtu asiyetambuliwa. Hukumu ilisema malipo yanaendelea kwa warithi, lakini haikusema ni nani anayethibitisha mrithi. Pengo kama hilo halikai wazi. Mwenye nguvu huliziba. Baada ya mauaji ya 1866 aliyeamua kama Salim ni mrithi halali wa kupokea riale alikuwa ofisa wa Kiingereza. Azzan alipokamata Maskati, aliyeamua kwamba hapaswi kupokea alikuwa huyo huyo. Kifungu kilichoandikwa kumaliza ugomvi wa ndugu kikawa kipimo cha nani anatambulika Maskati na nani hatambuliki.

Kuna jambo la nne ambalo halisemwi sana: umaskini wa Maskati. Fedha za Unguja, meli za Said na biashara yake kubwa vilibaki kusini au vikapotea. Riale 40,000 kwa mwaka ziliziba sehemu ya shimo tu. Mtawala wa Maskati aliyebaki na makabila ya kuyatuliza na Mawahabi mpakani alihitaji zaidi ya hapo, na kadiri alivyodhoofika ndivyo ile ruzuku ilivyozidi kuwa uti wa mgongo wake. Ukitegemea fedha inayotoka mkononi mwa mtu, unalala ukisikiliza mlango wake.

Riale zilikoishia

Barghash alipokaa kwenye kiti mwaka 1870 hakuwa na hamu ya kumlipa Turki. Alikuwa ameonja uhamisho wa Bombay kwa mkono wa wale wale waliomtaka alipe. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaiangusha mikarafuu na kuvunja meli zake. Hoja yake ya kutokuwa na fedha ikapata nguvu.

Mwaka 1873 alifika Bartle Frere, ametumwa na London kumaliza biashara ya watumwa ya baharini. Kuisamehe Unguja ile ruzuku ya Maskati kulikuwa miongoni mwa vishawishi mezani. Barghash alikataa mkataba. Frere akaondoka, London ikatishia kuzingira kisiwa kwa manowari, balozi John Kirk akaufikisha ujumbe, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Turki alikuwa amesaini mkataba wake Maskati mwezi Aprili mwaka huo huo. Tangu hapo riale zilizotokana na ugomvi wa mirathi wa wana wa Said hazikutoka tena Unguja. Zilitoka katika hazina ya Waingereza India, kwenda kwa mtawala wa Maskati, kwa sharti kwamba atimize mikataba yake na aendelee kuonyesha urafiki kwa serikali ya Uingereza. Tarehe 20 Machi 1891 mwana wa Turki, Faisal, aliwaandikia Waingereza ahadi kwamba yeye na warithi wake hawatauza, hawatakodisha wala hawatatoa kipande chochote cha ardhi yao kwa mtu mwingine isipokuwa serikali ya Uingereza. Kiwango cha mwaka, alipokuwa anatia saini, kilikuwa bado ni kile kile alichokibeba Mohammed bin Salim kutoka Unguja mwaka 1857.